Koti la Baba Mkwe na Ng'ombe Aliyemwinua

Baba mkwe wangu hakuwa mlevi, hakuwa kipofu, wala miguu yake haikuwa na kasoro. Alikuwa anaanguka tu. Watu wakisikia mzee anaanguka husema ni umri, halafu wanakaa kumngoja aanguke tena. Mimi sikuwa na nafasi ya kungoja. Mchana kutwa nilikuwa peke yangu naye nyumbani, na sikuruhusiwa kumgusa.

Hilo nalieleza kwanza, maana wajukuu zangu wanadhani natunga. Kwetu huku Meru wakati wa Mwingereza, mke wa mwana hakumgusa baba mkwe. Hampi mkono, hamshiki bega, hapokei kibuyu kutoka mikononi mwake. Kibuyu unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakichukua. Ukimgusa ni aibu ya ukoo mzima. Atachinjwa mbuzi wa kuiondoa, na mbuzi ataliwa na kusahauliwa, lakini wewe hutasahauliwa. Hata kusemezana uso kwa uso ilikuwa shida. Mwenye heshima zake alitafuta mtu wa kupitishia maneno. Nyumba nyingine zilimtumia mtoto. Sisi hatukuwa na mtoto bado. Tulikuwa na ng'ombe.

Alikuwa jike, mweusi, mwenye doa jeupe pajini. Alilala ndani ya nyumba ya mzee, nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa majani ya migomba: upande huu kitanda cha mzee, katikati jiko, upande ule zizi. Mimi na mume wangu tulikuwa na kibanda chetu pembeni, ila kupika na kazi zote zilikuwa kwa mzee. Baba mkwe akiwa na kiu alisema, "Ng'ombe, mwambie mke wa mwanangu koo limekauka." Ng'ombe anatafuna. Mimi nasema, "Ng'ombe, mwambie baba maji yako kwenye kibuyu, pale penye jiwe." Anakwenda, anakunywa. Tuliishi hivyo, na tulielewana kuliko watu wengi ninaowaona leo wanaotazamana machoni.

Mume wangu alikuwa seremala mjini Arusha, akirudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kabla ya hapo alikwenda vitani kwa Mwingereza, akarudi mzima, na alichorudi nacho ni koti. Koti la jeshi, zito kama godoro lililonyeshewa, lenye vifungo vya shaba. Alimpa baba yake. Tangu siku ile mzee hakulivua, jua liwe kali, mvua inyeshe, isipokuwa anapolala.

Anguko la kwanza lilikuwa katikati ya masika. Wanaoijua ardhi yetu mvua ikinyesha wanajua: inakuwa mlenda. Mzee alitoka mlangoni, akafika uani, nikasikia kishindo. Nilipotoka nilimkuta chali, anatazama mawingu. Nikasogea hadi hatua tatu, nikasimama. Zaidi ya hapo hapakuwa na njia. Yeye ananitazama, mimi natazama pembeni kwa heshima, mvua inatunyeshea wote wawili.

Nikapiga yowe.

Nilikuwa mgeni wa ndoa, sikufikiri. Yowe la mwanamke kwetu maana yake ni chui, au moto, au watu wa nyikani wamekuja kuchukua mifugo. Mlima mzima uliitika. Wanaume walikuja wanakimbia kwenye migomba, wengine na mikuki, wengine na sime, mmoja na mchi aliomnyang'anya mkewe. Walikuwa kama thelathini. Wakauzunguka ua, wanahema, wanatafuta adui. Adui hayupo. Yupo mzee chini, naye anawauliza kwa nini wanakanyaga magimbi yake. Wakamwinua watu wanane, mzee mwenyewe mdogo wa kuinuliwa na mmoja. Halafu, kwa kuwa walikuwa wameitika yowe, wakakaa kungoja kupewa kitu. Waliimaliza pombe yote ya ndizi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kumaliza palizi. Mzee wa kanisa naye alikuwamo. Alisema anaionja tu ajue kama imeharibika, na alichukua muda mrefu kuwa na hakika.

Anguko la pili lilikuja baada ya siku chache. Nikapiga yowe tena. Safari hii walikuja kumi, wanatembea, na aliyetangulia alikuwa amebeba kata ya kunywea.

Ndipo kikafanyika kikao. Alikuja kaka mkubwa wa mume wangu, karani katika shamba la kahawa la mzungu kule chini, upande wa Makumira. Alikuwa na nyumba ya bati na sakafu ya saruji, na viatu vyeusi ambavyo angeweza kujitazamia meno. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mzee wa ukoo alisema ni mama mkwe aliyekufa, anamvuta mumewe. Mzee wa kanisa alisema ni pombe, akasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeonja. Kabla ya hapo dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alikwisha kumpa dawa ya minyoo, na dawa ile ilimkimbiza mzee mgombani mara nne kwa asubuhi moja, nusura avunjike shingo.

Kaka mkubwa aliwasikiliza wote, kisha akatoa hukumu. Yowe ni la chui na la moto, mke wa mdogo wake asilipige tena kwa ajili ya mzee aliyeteleza. Na baba akianguka mara ya tatu, atashushwa kwenda kukaa Makumira.

Watu walipoondoka mzee alikaa karibu na zizi. Akasema, "Ng'ombe, mwambie mke wa mwanangu, kule chini sifiki vuli."

Nilijua anachosema. Kule chini kulikuwa na joto na mbu, na wazee wa mlimani walioshushwa kule tuliwapandisha kwa machela. Halafu mkewe alizikwa hapa, kwenye migomba nyuma ya nyumba, na kila asubuhi mzee alikwenda kusimama pale kidogo, kisha anarudi. Tena ile sakafu ya saruji nilikwisha kuiona. Mke wa karani aliipaka rangi nyekundu na kuisugua kwa nta mpaka kuku akiingia anatoka amekaa. Kumpeleka pale mtu anayeanguka ni kumpeleka samaki kwenye kikaango ili asilowe.

Nikamjibu. "Ng'ombe, mwambie baba hashuki."

Baada ya kusema hivyo ilibidi nifanye kazi. Mtu ambaye huwezi kumwinua, lazima umzuie asianguke. Sikufundishwa na mtu, nilikaa tu nikamtazama kwa siku mbili jinsi anavyotembea, kwa kuibia, maana hata kumtazama sana ilikuwa vibaya.

Kwanza kizingiti. Kilikuwa gogo la urefu wa goti, la kumzuia ndama, na ndama hatukuwa naye. Nikaling'oa. Kisha mfereji wa mkojo wa ng'ombe uliopita katikati ya nyumba, kati ya kitanda na mlango, kama vile aliyeuchimba alimchukia mzee. Nikaufukia, nikachimba mwingine upande wa ukutani. Nikatoboa ukuta kidogo mwanga uingie, maana ndani mchana kulikuwa kama ndani ya chungu. Nikasokota kamba ya migomba, nikaifunga kutoka mguu wa kitanda hadi mlangoni, hadi chooni, hadi migombani kwa mkewe. Njia yote nikaimwagia majivu. Nikamwambia ng'ombe amwambie mzee akiamka asisimame mara moja, akae kwanza mpaka kichwa kitulie. Mzee akamwambia ng'ombe aniulize mimi nimekuwa dresa tangu lini. Lakini alikaa.

Na bado alianguka.

Alianguka Jumanne, karibu na jiko la nje. Kwa bahati alitua juu ya majani ya ng'ombe niliyokuwa nimeyatua punde, mzigo mzima. Akazama humo mpaka kifuani. Nilisimama hatua tatu, kama desturi. Mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Ng'ombe," akasema, na ng'ombe alikuwa ndani kabisa, hasikii, "mwambie sijaanguka. Nimekaa."

Sasa hapo tukawa tumeingia kwenye njia nyingine. Kama kuanguka kwenye majani ni kukaa, basi kazi yangu ni majani. Nilikusanya majani makavu ya migomba, nikayarundika kila mahali ambapo mzee alizoea kuanguka: uani, nyuma ya nyumba, pembeni ya choo, kwenye kona ya kahawa. Marundo kumi na moja. Majirani wakaanza kupita polepole kuangalia. Mmoja akaniuliza kama tunataga. Hakukosea sana, maana kuku wa ukoo mzima walihamia kwetu, na wiki ile mzee alikaa mara tatu, moja kati ya hizo juu ya mayai saba. Alisimama ananuka, akasema ng'ombe aniambie kwamba hilo nalo ni kukaa.

Kusimama kwenyewe ndiko kulikuwa taabu. Yowe limekatazwa, kumgusa siruhusiwi. Nilimletea fimbo, ikazama kwenye majani. Nikamletea mchi, ukawa mzito. Mwisho nilimfungua ng'ombe zizini, nikamleta, nikamgeuza makalio kwa baba mkwe. Mzee aliutazama ule mkia kwa muda. Ni mtu aliyeheshimiwa, alisikilizwa katika vikao vya mlima huu. Akaushika kwa mikono miwili. Nikampiga ng'ombe kofi la ubavuni, ng'ombe akapiga hatua mbili, na baba mkwe wangu akainuka wima kama mgomba uliowekewa nguzo. Akajikung'uta. Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya. Ng'ombe mwenyewe alizoea. Akisikia kishindo tu anageuka.

Lakini nilijua mchezo huu hauna mwisho mwema. Siku moja ataangukia jiwe. Na sababu nilikwisha kuiona tangu siku ya kwanza ya kumtazama: koti. Mume wangu ni mrefu kama nguzo ya simu, baba yake alikuwa mfupi, na kila mwaka anazidi kupungua. Pindo la koti lilifagia chini. Akiinama kukaa, linamtangulia. Akisimama, anakuwa amelikanyaga, na koti la jeshi halichaniki, linakuangusha wewe. Thelathini walikuja na mikuki na hakuna aliyeliona, kwa sababu koti lile lilikuwa la heshima, na kitu cha heshima watu hawakitazami chini.

Nilijaribu kwa adabu. "Ng'ombe, mwambie baba koti ni refu."

Jibu lilikuja polepole. "Ng'ombe, mwambie mke wa mwanangu hivi. Vijana wanne wa kijiji hiki walikwenda vitani. Amerudi mmoja, ndani ya koti hili. Koti lililomrudisha mwanangu halikatwi."

Nikaenda kuongeza majani kwenye marundo.

Jumamosi mume wangu aliporudi alileta salamu. Kaka mkubwa amesikia habari za marundo. Kesho baada ya ibada atapanda na wazee, aione miguu ya baba kwa macho yake. Mzee atatembea mbele yao kutoka mlangoni hadi kwenye kaburi la mkewe na kurudi, bila kamba na bila kushikwa. Akianguka, anashuka nao siku hiyo hiyo. Na marundo yaondolewe, ni aibu. Mume wangu aliyaondoa mwenyewe jioni ile, na kuku wakamlalamikia.

Jumapili wote walikwenda kanisani. Mimi nilibaki kupika, mzee alibaki kwa sababu ya miguu yake. Jua lilitoka kidogo, la kwanza baada ya siku nyingi. Akalivua koti, akalitundika kwenye tawi la kahawa likauke, akalala kwenye ngozi mlangoni. Nilisikia kengele ya kanisa kule ng'ambo ya korongo. Nikalitazama koti. Nikatazama njia. Nikaenda kuchukua mundu wa kukatia majani ya ng'ombe.

Mtu asije akaniambia ilikuwa kazi rahisi. Kitambaa cha Mwingereza kilikuwa kigumu kama ngozi ya nyati. Nilikata shubiri moja na vidole vinne, kuzunguka pande zote, natoka jasho kama mwizi, na kwa kweli nilikuwa mwizi. Nilipomaliza nikawa na utepe mrefu mkononi na sina pa kuuweka. Nikampelekea ng'ombe. Akaunusa, akageuza uso. Nikaufukia chini ya vipande vya migomba kwenye hori lake.

Mzee aliamka, akakaa kwanza mpaka kichwa kitulie, akainuka, akalivaa koti. Akafunga vifungo vyote. Akatazama chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita viishe kuiona miguu yake akiwa amesimama.

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya ng'ombe. "Ng'ombe," nikasema kwa nguvu, "umekula koti la baba. Huna adabu."

Nilisikia mzee anasogea mpaka mlangoni. Alimtazama ng'ombe kwa muda mrefu sana, usoni, kama mtu anayempima ng'ombe wa kununua.

"Ng'ombe," akasema mwisho, "una meno yaliyonyooka kweli."

Akaenda zake uani.

Kaka mkubwa alifika kabla ya wengine, kwa sababu alitaka kuonekana anawangoja. Alikuja na suti na vile viatu vyeusi. Nilikuwa nimesimama uani na kikapu cha majivu mkononi, sijayamwaga bado. Ningemwambia asubiri, lakini shemeji mkubwa kwetu ni sawa na baba mkwe, na ng'ombe alikuwa zizini. Alipofika pale ambapo rundo kubwa lilikuwa jana yake, viatu vilikwenda Makumira na yeye akabaki. Akatua kwa mgongo kwenye tope, chwaa, miguu juu.

Nilisogea hadi hatua tatu, nikasimama. Akaninyooshea mkono. Nikatazama pembeni kwa heshima.

"Usisimame tu," akasema.

Nilikuwa sina la kufanya. Kumgusa ni mbuzi. Yowe alilikataza yeye mwenyewe. Akajaribu kuinuka, akateleza tena, akalala upande wa pili, na suti sasa ikawa imepakwa sawasawa. Hapo ndipo wazee walipotokea kwenye migomba, na mume wangu nyuma yao, wote na nguo za ibada. Mbele yao, kutoka mlangoni, anakuja baba mkwe, koti linaishia juu ya vifundo vya miguu. Anatembea bila kamba. Anamvuta ng'ombe.

Alipita mbele ya watu wote, hatua moja baada ya nyingine, hajikwai. Akamgeuza ng'ombe makalio kwa mwanawe wa kwanza.

"Shika mkia," akamwambia.

"Baba, watu wananiona."

"Na mimi waliniona. Walikuwa na mikuki. Shika mkia."

Karani wa mzungu akashika mkia. Mzee akampiga ng'ombe kofi la ubavuni, kama nilivyokuwa napiga mimi, na mtoto wake akatoka kwenye tope. Baba mkwe hakungoja shukrani. Aliendelea na safari yake hadi migombani, akasimama kidogo kwa mkewe, akarudi. Hakuanguka. Hakuna aliyethubutu kusema arudie.

Wazee walipokwisha kukaa na kupewa chakula, mzee wa ukoo aliliona koti. Akauliza limefanywa nini. Mume wangu naye akaliona, uso ukambadilika. Akanitazama. Mimi nilikuwa nakoroga chungu. Baba mkwe akasema ng'ombe amelila. Wote wakageuka kumtazama ng'ombe, na ng'ombe akawatazama anatafuna, jambo ambalo halikutusaidia wala halikutuharibia. Mzee wa ukoo akatikisa kichwa, akasema ng'ombe anayekula nguo za mtu ni mkosi. Apelekwe mnadani kesho.

Baba mkwe akaweka bakuli chini. "Haondoki. Akiondoka huyu, nani atanisemesha na mke wa mwanangu? Na nani ataniinua? Yeye haondoki, na mimi siondoki."

Wakamtazama kaka mkubwa, mwenye hukumu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga shuka la mdogo wake, suti inakauka kwenye kamba yangu ya migomba. Akasema tu, "Abaki." Halafu, kama mtu aliyesahau kitu, "Wote wawili wabaki."

Mzee alikaa kwenye nyumba yake mpaka watoto wangu watatu walipozaliwa, na alikufa akiwa amelala kitandani mwake. Sikumgusa hata siku moja. Walimzika na koti, jirani na mkewe. Ule utepe niliufukua kwenye hori usiku wa Jumapili ile, nikaufua, nikaufanya kishikio cha kuipulia chungu motoni. Kitambaa cha jeshi hakiungui upesi. Mume wangu alikuwa anakiona kila aliporudi, na hakuwahi kuniuliza.

Mwezi uliopita wajukuu zangu wameniletea gauni. Zuri, refu, linafagia sakafu, na sakafu yenyewe wameiweka vigae vinavyong'aa. Nimechukua mkasi nikalikata shubiri moja na vidole vinne, nikalivaa. Wakaniuliza nani kaliharibu. Nyumba hii haina ng'ombe, ikabidi niseme ni mimi.